Jina lililolala si lazima liwe la maiti

Mtumishi anapoacha kazi, wanamwomba arudishe ufunguo wa ofisi. Wanamwomba muhuri, wanamwomba gile ya shirika, na kama alikuwa anapanda pikipiki ya kazi wanaichunguza mpaka magurudumu. Anatia sahihi, anapewa mkono, anaenda zake. Lakini kuna ufunguo mmoja ambao karibu hakuna anayemdai: jina lake na neno lake la siri ndani ya ordinatere. Kompte ile inabaki. Mwaka unapita, miwili, mitatu. Mwenyewe ameshafika Kampala ao Kinshasa, pengine ameshakufa na kuzikwa, na mashine ingali inamngoja kama vile atarudi kesho asubuhi.

Tunaandika juu ya jambo hili leo kwa sababu wengi wanalichukua kuwa mambo ya mafundi tu, mambo ya nyuma ya mlango. Si hivyo hata kidogo. Jina la mtu asiyekuwapo, likibaki katika mashine, linaweza kufungua mlango, linaweza kutia sahihi, linaweza kulipwa. Na katika inchi yetu linalipwa kila mwezi. Upande mwingine, mtu aliye hai, akiondolewa katika mashine kwa haraka, anakuwa mfu kwa serikali hata kama anasimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Kati ya makosa hayo mawili ndiko kunasimama mwalimu wa Muheto, kule katika milima ya Masisi. Ni juu yake tunasema.

Mlango usiofungwa

Tuanze na mashirika na makampuni. Hapa Kivu kazi nyingi ni za kontra fupi: miezi mitatu, miezi sita, mwaka mmoja. Miradi inakuja, inafunga. Watu wanaingia, wanatoka. Kila anayeingia anafunguliwa kompte yake katika rezo ya ofisi ili aweze kusoma barua, kuona hesabu, kuandika majina ya watu wanaosaidiwa. Kufungua ni kazi ya dakika tano, na mkubwa anaisukuma kwa sababu anataka mtu aanze kazi leo. Kufunga hakuna anayeisukuma. Ndivyo ofisi yenye watumishi arobaini inavyokuwa na kompte mia moja na zaidi, na hakuna anayejua zile nyingine ni za nani.

Hatari yake ni nini? Kompte ya mtu anayefanya kazi, mwizi akiitumia, mwenyewe atashituka siku moja: atakuta barua ambazo hakuandika, atakuta neno lake la siri limekataa. Kompte ya mtu aliyeondoka haina mwenyewe wa kushituka. Mwizi anaweza kukaa ndani yake miezi na miezi, anaangalia tu. Ni kama nyumba ambayo wenyewe walikimbia vita: anayelala ndani usiku hakuna jirani wa kumuuliza kitu.

Mfano mkubwa ulionekana Marekani mwezi wa Mei 2021. Kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake linapeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumiwa upande wa mashariki wa inchi ile, ilivamiwa na wezi wa mashine. Bomba lilifungwa siku tano hivi, watu wakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta, na kampuni ikalipa zaidi ya dola milioni 4 ili ifunguliwe data zake. Walipotafuta wezi waliingilia wapi, wakakuta ni kompte moja ya kuingilia katika rezo kutoka mbali, kompte ambayo haikuwa inatumiwa tena katika kazi lakini hakuna aliyeizima. Neno lake la siri lilikuwa limevuja. Basi. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna risasi. Ufunguo wa zamani tu, uliosahauliwa.

Kampuni yenye mafundi wengi na pesa nyingi ilipatwa hivyo. Sasa shirika letu dogo la Goma ao la Bukavu, lenye listi ya wakimbizi wa ndani, majina yao, namba zao za simu na idadi ya watoto wao, litapatwa namna gani? Katika jimbo lenye vita, listi ya namna ile ikianguka katika mikono mibaya, si mafuta yatakayokosekana. Ni watu watakaotafutwa usiku.

Wafu wanaolipwa

Ugonjwa huu uko pia mahali pakubwa zaidi kuliko ofisi za mashirika: uko katika listi ya mishahara ya serikali. Kwani listi ile ni nini, kama si kundi kubwa la kompte? Kila mtumishi ana jina, ana matrikile, ana mahali pa kulipwa. Akifa, akistaafu, akihama inchi, jina linapaswa kutoka. Lisipotoka, mshahara unaendelea kupanda gari, na kuna mtu fulani njiani anayeupokea.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Inspeksio Kuu ya Fedha, IGF, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya listi hiyo. Watu 145,604 walikutwa na matrikile zisizo sahihi ao za kutungwa. Wengine 53,328 walikuwa wanagawana matrikile moja na mtu mwingine ao watu kadhaa. Wengine tena 93,356 majina yao hayakuonekana katika listi zilizotolewa na wizara wanazodai kutumikia. Hasara yote ilihesabiwa kuwa zaidi ya franka miliari 148 kila mwezi, ni kusema karibu dola milioni 64. Kila mwezi! Tunaomba msomaji aweke gazeti chini kidogo na kuhesabu: kwa mwaka mzima, ingejenga madarasa mangapi, ingelipa walimu wangapi?

Jeshini vilevile. Baada ya vita vya mwisho wa miaka ya 1990, wakati wa mpito ulioanza 2003, kila kundi lilileta hesabu ya askari wake, na hesabu zilikuwa zimejaa hewa, kwa sababu mkubwa wa kikosi ndiye aliyepokea makuta ya kikosi chote. Askari mia wakiandikwa mia mbili, nani atajua? Ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, uliofika mwaka 2005, ulisaidia serikali kufanya mambo mawili. La kwanza, kuhesabu askari mmoja mmoja na kuchukua alama za vidole vyao. La pili, ambalo kwetu ndilo lililo kubwa zaidi, kutenga njia ya amri na njia ya mshahara, ili anayeamuru asiwe ndiye anayelipa. Hesabu ilishuka kwa makumi ya maelfu ya majina. Wale hawakufa vitani. Hawakuwa wamezaliwa hata siku moja.

Uchaguzi nao. Mwaka 2018 CENI, ilipofagia listi ya wapiga kura, ilianza na majina zaidi ya milioni 46 na kubaki na milioni 40 hivi. Milioni zaidi ya sita zilitoka: walioandikwa mara mbili na watoto wasiotimiza miaka.

Basi hakuna anayeweza kutuambia kwamba kufagia si lazima. Ni lazima. Mahali ambapo mfu anakalia kiti, aliye hai anasimama.

Anayesimama ni nani

Anayesimama ni mwalimu. Wote wanaojua masomo yetu wanajua herufi mbili: N.U. Ni walimu wanaoitwa nouvelles unités, wapya ambao serikali haijaanza kuwahesabu katika mshahara. Wengine ni wapya tangu miaka kumi. Wana shule, wana wanafunzi, wana karatasi ya kuwaweka kazini, lakini jina halijaingia katika listi inayolipwa. Zamani wazazi ndio walikuwa wanawachangia. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure, na hatukatai: ni jambo zuri, watoto wengi walirudi shuleni. Lakini pale ambapo mchango wa wazazi uliondoka na mshahara wa serikali haukufika, mwalimu alibaki mikono mitupu. Analima asubuhi, anafundisha kisha, ao anafundisha siku tatu na siku tatu anabeba mizigo ya wengine sokoni.

Wakimwambia, «Budget iko imejaa, hakuna fasi,» anauliza: imejazwa na nani? Swali lake ni la haki. Kila matrikile ya uongo inayofutwa Kinshasa ingeweza kuwa fasi moja kwa mwalimu mmoja wa Muheto, wa Nyabiondo, wa Pinga. Ndiyo maana tunasema usafi wa listi si kazi ya ordinatere peke yake. Ni kazi ya haki.

Kimya si kifo

Sasa tufike kwenye upande wa pili, ambao wakubwa hawapendi kuusikia.

Mtu anayefagia kutoka mbali anatafuta alama. Hawezi kumwona mtu, kwa hiyo anaangalia kama jina lake linatembea. Kompte haijafunguliwa siku tisini? Futa. Mshahara haujachukuliwa miezi mitatu? Futa. Hakufika siku ya kuhesabiwa? Futa. Kwenye meza ya Kinshasa, alama hizo zinaonekana safi kabisa. Katika Masisi na Walikale, alama hizo zinasema jambo lingine.

Chukua mwaka 2025. Januari ilipoanza, Masisi-centre ikaanguka mikononi mwa M23. Kabla Januari haijaisha Goma nayo ikaanguka. Mwezi wa Machi vita vikafika Walikale-centre. Banki za Goma zikafunga milango. Mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa unapita katika kompte ya banki ya Goma, alifanya nini? Hakufanya kitu. Hakuweza. Kompte yake ikalala, miezi ikafuatana, bila franka kuingia ao kutoka. Ukiiangalia katika mashine, inafanana kabisa na kompte ya maiti. Lakini mwenyewe alikuwa hai, na pengine alikuwa anafundisha chini ya hema, akiwa mkimbizi pamoja na wanafunzi wake.

Ongeza habari ya karatasi. Katika inchi yetu karte ya kura ndiyo kitambulisho cha raia wa kawaida. Masisi haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Mtu wa kule anapoambiwa alete kitambulisho chake, anatoa karte ya uandikishaji wa zamani, namba zimeanza kufutika, ao hana hata ile, iliungua na nyumba. Na kufika mahali pa kuhesabiwa? Kutoka milima ile kushuka Goma, mara nyingi ni kupitia Sake, na kila msomaji wetu anajua barabara ya Sake imeona nini miaka hii. Mvua ikinyesha, gari linalala katika matope. Bunduki zikilia, hakuna gari. Kwenye vizuizi unalipa. Mwalimu asiyelipwa miezi mingi atapata wapi makuta ya kwenda kuonyesha kwamba hajafa?

Tumesikia mara nyingi maneno haya, na kila mwalimu wa vijijini ameshayasikia: «Jina yako haiko ku listi.» Na mwalimu anajibu: «Lakini miye niko hapa, unaniona!» Na karani anajibu: «Nakuona, lakini mashine haikuone.» Tusicheke. Ile ndiyo hukumu ya kifo ya siku hizi, na haina avoka wala tribinali.

Jirani zetu wa Tanzania walipitia njia hii. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliamuru watumishi hewa waondolewe, na ndani ya miezi michache majina zaidi ya 10,000 yalitolewa katika malipo. Watu wengi walipiga makofi, na walikuwa na sababu. Lakini fagio halikusimama pale. Likaenda kwenye vyeti, na kati ya walioondolewa walikuwamo watumishi wa darasa la saba, walioingia kazini zamani kabla cheti cha kidato cha nne hakijawa sharti. Mwaka 2018 serikali ileile ikaamuru wale walioajiriwa kabla ya Mei 2004 warudishwe. Kurudisha ni vizuri. Lakini mtu aliyekaa mwaka mzima bila mshahara, watoto wakafukuzwa shuleni, nani anamrudishia mwaka ule?

Fundi mzuri anafanya namna gani

Ajabu ni kwamba mafundi wa ordinatere, wale wanaojua kazi, walishajifunza jambo hili zamani. Wakubwa wa serikali wangeweza kukaa nao nusu saa na kuwasikiliza.

Fundi mzuri anaanza kwa kuuliza pande zote. Katika makampuni mengi, listi ya kompte inatunzwa katika seva kadhaa zinazosaidiana, na programu inayotumiwa sana, Active Directory ya Microsoft, ina tabia yake: kila seva inaandika yenyewe saa ya mwisho ambayo mtu aliingia kupitia kwake, na haiwaambii wenzake. Kuna alama nyingine inayogawanywa kwa seva zote, lakini ile inaweza kuchelewa mpaka siku 14. Kwa hiyo fundi anayeuliza seva moja tu anaweza kusema, «Huyu hajaingia mwaka mzima,» kumbe mtu anaingia kila asubuhi kupitia seva ya ofisi nyingine. Anayetaka ukweli anauliza seva zote, kisha anachukua tarehe iliyo karibu zaidi. Tuseme hivi kwa lugha ya serikali: usiulize Kinshasa peke yake. Uliza provensi, uliza su-divizio ya masomo, uliza direktere, uliza shefu wa kijiji. Mtu asiyeonekana katika listi moja anaweza kuonekana katika tatu nyingine.

Pili, fundi mzuri anajua kwamba si kila kompte iliyonyamaza imekufa. Kuna mama aliye katika likizo ya uzazi. Kuna mgonjwa aliye hospitali. Kuna aliyetumwa masomoni. Kuna pia kompte ambazo si za watu, ni za mashine zenyewe, zinazofanya kazi usiku, kama ile inayotunza nakala za hesabu. Ukiifuta kwa haraka, kesho ofisi nzima inasimama. Kwa hiyo anauliza mkubwa wa kila idara: huyu ni nani, yuko wapi, bado ni wenu?

Tatu, na hili ndilo kubwa: fundi mzuri hafuti. Anazima. Kuzima ni kufunga mlango na kuweka ufunguo kabatini. Mwenyewe akitokea, anafunguliwa, anakuta vitu vyake. Kufuta ni kubomoa nyumba. Na kuna siri ambayo wengi hawaijui: ukifuta kompte halafu ukaifungua tena kwa jina lilelile, mashine haimtambui mtu yule. Kwa mashine, jina ni kivuli tu, na chini yake kuna namba isiyorudi mara mbili. Mtu anarudi na jina lake, lakini haki zake zote za zamani zimepotea, ni mgeni. Hivyo ndivyo itakavyompata mwalimu wa miaka ishirini akiondolewa kisha akaandikwa upya kama mtu mpya: miaka yake ya kazi, grade yake, pensheni yake, vyote vinaingia hatarini.

Nne, anaandika. Nani ameamuru, nani amezima, siku gani, kwa sababu gani. Bila maandishi, fagio linakuwa silaha: leo unamzima adui yako, kesho unamweka ndugu yako katika fasi yake.

Tunachoomba

Kwa mashirika na makampuni, tunaomba jambo jepesi lisilohitaji pesa. Karatasi ya kuondoka kazini iwe na mstari mmoja zaidi: kompte imezimwa, tarehe, sahihi ya fundi. Mtu asipewe hesabu yake ya mwisho kabla mstari ule haujatiwa sahihi. Na kila miezi mitatu, fundi na mkubwa wa watumishi wakae pamoja, listi mbili juu ya meza, ile ya watu na ile ya mashine, wazilinganishe. Lililo katika ya pili na haliko katika ya kwanza, lizimwe siku ileile. Kontra ya miezi sita? Kompte iwekewe tarehe ya kufa tangu siku ya kuzaliwa. Mashine inaweza kufanya hivyo yenyewe, hakuna haja ya kukumbuka.

Kwa serikali, na kwa DINACOPE iliyochukua kazi ya SECOPE, tunaomba mambo manne.

Moja: matrikile zile za uongo zilizotajwa na IGF zisiishie kwenye magazeti. Raia wana haki ya kujua ngapi zimetolewa kweli, na makuta yaliyookolewa yamelipa walimu N.U. wangapi, katika provensi gani. Kufagia bila kuonyesha taka ni maneno.

Mbili: katika teritware zilizo chini ya vita, kimya kisihesabiwe kama kifo. Masisi, Walikale, Rutshuru na nyingine zote zinazojulikana ziwe na alama yake katika mashine. Jina la kule lizimwe tu baada ya ushahidi wa watu wawili ao watatu wanaomjua mhusika, si kwa sababu kompte yake ya banki imelala.

Tatu: anayehesabu amfuate anayehesabiwa. Miaka ya 2010, wakati banki hazikuweza kufika vijijini, Caritas ilipewa kazi ya kupeleka mishahara ya walimu mahali ambapo hakuna banki. Haikuwa kamili, lakini ilionyesha kwamba njia iko. Kama mshahara uliweza kupanda mlima, kalamu na mashine ya alama za vidole zitashindwa nini?

Nne: mlango wa malalamiko. Kila jina litakalozimwa litangazwe kwenye su-divizio na kwenye radio za pale, na mwenyewe apewe muda wa kutosha kutokea. Muda ule mshahara wake uwekwe pembeni, usiliwe na mtu.

Kwa madirektere na maprefe, tunasema bila kuzunguka. Ninyi ndio mnaojua. Mwalimu akifa, ninyi mnaenda mazishini. Akihama, ninyi mnatafuta wa kumweka. Direktere anayeendelea kuandika jina la marehemu katika listi ya shule yake, hata kama anasema eti makuta yale anasaidia mjane, ao anagawia N.U., anafungua mlango ambao wengine watapitia na magunia. Tunajua kwamba wengine wanafanya hivyo kwa huruma, shule isifungwe. Lakini huruma ile ndiyo inayotumiwa na wezi wakubwa kama shahidi wao: wanasema, «Mnaona, hata vijijini wanadanganya.» Mjane ana haki zake katika sheria. Tumsaidie kuzidai mchana, tusimfiche nyuma ya jina la mumewe.

Na kwa mwalimu mwenyewe, wa Muheto ao wa mahali pengine popote: andika matrikile yako mahali patatu. Moja katika daftari, moja kwa ndugu anayekaa mjini, moja kichwani. Piga picha barua yako ya kuwekwa kazini, itume kwa mtu unayemwamini kabla simu haijapotea. Namba yako ya simu inayopokea makuta usiiache ilale miezi mingi, kwa maana namba iliyolala kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, na makuta yako yatamfuata yeye. Mkikimbia, mkifika mnakofika, direktere aandike listi siku ya kwanza: nani amefika, nani hajulikani alipo. Karatasi ile moja, hata ya daftari la mwanafunzi, kesho inaweza kuokoa majina kumi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa listi zetu ni wa zamani, na ukuta umeshaanza kuanguka juu ya wale walio chini. Uzibwe. Lakini fundi anayeziba ufa anaangalia kwanza kama kuna mtu ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba hii wamo watu. Wanafundisha, wanahesabu siku, wanangoja jina lao litamkwe. Serikali inayotaka kujua nani amekufa, ianze kwa kuwauliza walio hai.